Mama Huguette, Mwoga Wetu wa Getini

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba, Mama Huguette Mapendo anastaafu baada ya miaka kumi na tisa katika Kituo cha Ajira cha Tuinuane, ghorofa ya pili, juu ya saluni, hapa katikati ya Durban. Wenzangu wameniomba mimi, Atuganile, niliyekaa naye meza moja, niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Lakini anayerithi kazi yake ni mimi, na kusema kweli naogopa.

Alizaliwa Bukavu, Kongo, akafundisha shule ya msingi huko, akafika Durban na wanawe wawili na Kiingereza cha kuombea maji. Hapa kituoni alianza kwa kupokea wageni. Baadaye akakabidhiwa vijana wanaotafuta kazi ya kwanza, na hapo ndipo tulipogundua kuwa mama huyu ni mwoga kupindukia. Anaogopa radi, anaogopa mbwa, anaogopa tangazo lolote la kazi linaloanza na neno hongera.

Woga huo ndio uliozaa desturi yake. Kijana akiitwa kwenye usaili, haendi peke yake. Mgeni husindikizwa, na kwake kila kijana ni mgeni. Anamfikisha getini, anamwita jina mara moja kwa sauti kubwa ili mlinzi na wapita njia wamsikie, kisha anakaa nje na chupa ya chai mpaka atoke. Vijana walikuwa wakiona haya hadi kutamani ardhi ipasuke. Mama wala hakujali.

Shirika la serikali la anga za juu lilipoanza kutangaza nafasi za wanaoanza kazi, vijana wetu walipagawa. Wengi walidhani wataruka. Mama aliwaeleza kwamba huko pia anahitajika mtunza stoo, fundi wa kusafisha mitambo, mtu wa kupanga picha zinazotumwa na setilaiti, na kwamba wote huingilia mlango huo wa chini. Méthode, ambaye alikuwa akipanda ngazi zetu kila siku kwa kuogopa lifti, alishikilia kwamba anataka kwenda mwezini. "We unaogopaka lifti, kule juu utapanda na nini?" Mama alimuuliza, na kituo kizima kikaangua kicheko. Leo Méthode ni mtunza stoo kiwandani Pinetown, jengo lisilo na ghorofa.

Siwezi kuandika wasifu huu nikaruka siku ya Mobeni. Ilikuwa Julai mwaka jana. Annick, binti wa Ladislas muuza simu, amesomea ufundi wa mitambo ya umeme. Alipata ujumbe wenye nembo ya shirika lile: anaitwa kwenye usaili wa nafasi ya kufuatilia setilaiti, kwenye ghala moja Mobeni, eneo la viwanda, aje na vyeti halisi, aje peke yake. Hakutaka kusindikizwa kama mtoto, akaondoka kimyakimya. Alimwambia Grâce wa saluni tu na kumtumia ule ujumbe, na Grâce alipotuonyesha, Mama alipiga simu makao makuu ya shirika. Wakajibu hawana usaili wowote Durban.

Tulikimbilia taksi. Mama alinishika mkono njia nzima, na alama za vidole vyake zilikaa siku kadhaa. Tulipofika tulikuta ghala lisilo na kibao, geti limefungwa kwa mnyororo, na ndani gari jeupe lisilo na namba likiunguruma. Mimi nilifungua kinywa, sauti haikutoka. Koo lilikuwa limekauka kabisa. Mama alishika nondo za geti akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena: "Annick! Toka! Mama yako iko hapa! Annick!"

Si mama yake. Aliita hivyo hivyo, bila kupumzika, mpaka mafundi wa kiwanda cha jirani waliokuwa wanakula chakula cha mchana wakatoka na maovaroli yao, mmoja baada ya mwingine, wakasimama nyuma yetu. Mlango wa ghala ukafunguliwa. Annick alitoka pekupeku, na nyuma yake wasichana wengine wawili tusiowajua. Gari lilikwisha kutorokea upande wa pili.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile hakuna aliyecheka, ila pia hatukuzika mtu.

Annick alijifungia ndani kwa muda mrefu. Shirika lenyewe lilipotangaza nafasi, Mama ndiye aliyemtoa kitandani, akapanda naye basi hadi Pretoria, akamwita jina getini kama kawaida, na mlinzi akamletea kiti. Leo Annick ni fundi mwanafunzi huko, anafuta vumbi kwenye mitambo na kuandika setilaiti gani imepita. Mama anaogopa antena itamwangukia.

Matangazo ya uongo hayajakoma. Siku hizi yana sauti za watu wastaarabu na Kiingereza safi. Wiki iliyopita lilikuja moja, tukalitazama pamoja, na hata yeye hakuweza kulitambua mpaka tulipopiga simu. Na Jumatatu ijayo Deborah, mmoja wa vijana wetu, ana usaili. Atakayesimama getini ni mimi, mwenye koo la Mobeni.

Mama analijua hilo. Kwa hiyo wiki hii, kila jioni kabla ya kufunga, ananiacha kwenye roshani yetu, anashuka ngazi, anavuka hadi kwenye roboti, zile taa za barabarani, katikati ya honi za taksi na wauza nguo, na kunipa mgongo. Hageuki mpaka asikie jina lake. Jumatatu hakugeuka. Jumanne aligeuka muuza ndizi. Jana, mama huyu aligeuka.

Mama Huguette, kituo kizima kinakushukuru, na wazazi ambao watoto wao walirudi nyumbani wanakushukuru zaidi. Tunakutakia maisha mema kwa mwanao Urbain kule Pinetown, usingizi mzito, na mbwa wachache. Ijumaa ukishafika kwenye roboti na mizigo yako, nitakuwa pale juu. Nitakuita mara moja tu, kama nitakavyomwita Deborah. Ukinisikia, geuka.