Saa Isiyofunguliwa

Ndani ya treni, muuguzi mstaafu alijifanya anasinzia ili asikie vizuri. Mbele yake fundi saa alikuwa akimnong'oneza fundi mwenzake, mnong'ono wa kusikika behewa zima.

"Daktari kasema korodani zangu zimechakaa. Nyama ya kutengeneza mbegu imegeuka makovu. Eti kasoro ilikuwepo tangu ujana, umri umeongezea tu."

"Na wake wawili ukawaacha, ukiwaita tasa."

"Nilijua ni wao."

"Bwana wee! Saa imesimama, unabadilisha mkanda mara mbili bila kuifungua?"

Yule fundi aliyeacha wake akageukia dirishani. Muuguzi akasahau kusinzia, akauliza:

"Yule mke wa kwanza ana watoto wangapi sasa?"

"Wanne," akajibu yule wa dirishani. "Mapacha mara mbili."

Treni ikasimama.