Vidoa Ambavyo Havikuwa Uchafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa Nakuru, Celestine Nasimiyu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Alianza kwa kuosha vioo vya darubini, akasoma, hadi akawa fundi mkuu wa kukata vipande vya nyama za wagonjwa na kuvitia rangi ili madaktari wavisome.

Ukiingia kwake na kikombe cha chai, ulitoka nacho mbio. Mashine yake ya kukata aliiita Mzee, na kila asubuhi aliisalimia kabla ya kunisalimia mimi, Daktari Kiarie, mkubwa wake.

Mwaka 2022 tuliletewa kipande cha utando wa tumbo la Bwana Kemboi wa Gilgil, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alikuwa ametapika miezi minne. Chini ya darubini niliona vidoa vya kahawia. Kwetu, doa kwenye kioo ni kosa la fundi, basi nikamwambia Celestine mbele ya wanafunzi akaoshe mikebe yake ya rangi.

Aliosha, akakata upya mara tatu. “Daktari, huu si uchafu,” akasema. Sikuinua hata kichwa.

Kuuliza si ujinga, kwa hiyo alipanda wodi ya figo akauliza wagonjwa wanatafuna tembe gani wakati wa chakula, kisha akafukua vioo vyao vya zamani kabatini. Waliotumia aina moja ya tembe ya kupunguza fosfeti, madini ya chakula ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, walikuwa na vidoa vilevile. Wengine hawakuwa navyo. Ilikuwa dawa yenyewe, imejikusanya tumboni. Vipimo vya Nairobi vilithibitisha. Kemboi alibadilishiwa tembe, na baada ya wiki chache akala ugali bila kutapika.

Jarida hili la hospitali likanisifu mimi kwa ugunduzi huo, picha yangu ukurasa wa kwanza. Nikanyamaza. Celestine aliniletea mandazi ya kunipongeza, nami nikayala. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Wiki iliyopita niliwaandikia wasimamizi na mhariri kwamba aliyegundua ni Celestine, na kwamba nilijua hivyo siku zote.

Asante, Celestine. Uzee wako uwe na afya na raha tele. Ana kwa ana bado sijakuomba msamaha. Leo, baada ya keki ya kukuaga kukatwa, nitasimama mbele ya watu wote nikuombe.