Madam Akpevwe na Bomba Lililopoa Mvuani

Mhandisi Akpevwe Erhuero anastaafu tarehe 31 Julai, baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha mbolea hapa Ughelli, mingi kati ya hiyo akiwa mkuu wa matanuru. Kazini tunamwita Madam, na hakuna aliyewahi kuuliza ni Madam yupi.

Alipokabidhiwa matanuru, kila fundi alitembea na waya kiunoni. Gesi ilifika ikiwa na majimaji na uchafu, vikaungulia kwenye vichomeo na kuziba matundu ya kutolea moto. Fundi alichomoa waya wake akazibua. Lakini waya ulipanua matundu, na moto ukaenda upande, ukalamba mabomba ya ndani ya tanuru. Madam akaweka ndoo mlangoni.

"Waya ndooni, mikono mitupu ndani," alisema.

Aliyekamatwa nao aliinunulia zamu nzima supu ya kambare. Fundi Onoriode alinunua mara nyingi hadi mama muuza supu akamwuliza, "Ndugu yangu, kwenu kuna harusi kila wiki?"

Kuondoa waya hakukuondoa uchafu. Msimu mmoja wa masika tanuru la pili lilizimika mara kwa mara, na meneja wa wakati huo, Bwana Mudiaga, akasema hali ikiendelea hivyo atalifunga na watu wake waende nyumbani. Madam akafungisha chujio kubwa la kunasa majimaji, akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Tukala usi, ile sima ya wanga wa muhogo, na mchuzi wa mawese. Mvua kubwa iliyofuata, vichomeo vikaziba tena.

"Madam, ile sherehe ilikuwa ya nini?" meneja aliuliza mbele ya watu.

"Ya chujio, Oga," Madam alimjibu bosi wake. "Bomba hatukulialika."

Alikuwa ametoka kulifuata bomba hilo la gesi kwenye mvua, kutoka chujio hadi tanuruni, akiligusa kwa kiganja. Kwenye chujio lilikuwa vuguvugu. Tanuruni lilikuwa baridi. Gesi ilitoka safi kwenye chujio, ikapoa njiani, mvuke uliobaki ndani yake ukageuka majimaji, yakabeba kutu ya bomba hadi kwenye vichomeo. Alikosea kudhani chujio pekee lingetosha, na alisema hivyo waziwazi. Sasa alitaka bomba la chuma kisichoshika kutu, lipashwe joto na kufunikwa lisipoe, kuanzia kwenye chujio mpaka tanuruni. Meneja alisita, kwani alikwisha kuahidiwa mara moja.

"Subiri masika yajayo," Madam alimwambia. "Tanuru likizimika tena, wafukuze watu wake. Ila uanze na mimi."

Bomba likabadilishwa. Masika yakaja, mvua ikapiga usiku na mchana, na moto wa tanuru la pili ukabaki wa buluu, umesimama wima. Bwana Mudiaga alikuja mwenyewe, akachungulia kwa muda mrefu.

"Watu wa hapa wapimwe sare za mwaka ujao," alisema, akaondoka.

Wengi waliopimwa siku ile wamesomesha watoto kwa kazi hiyo, na baadhi yao wako zamu leo.

Madam, asante. Tunakuombea afya na miaka mingi huko nyumbani Agbarha, na usingizi mzito kila mvua inaponyesha.