Mkia Mfupi wa Kitenzi: Risala ya Wafungua Chaza wa Banda la Pili

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Ushirika, Mheshimiwa Maeng Du-sik; Msimamizi wetu, Bwana Pyo Gi-jun; wageni waalikwa, na kina mama wenzetu mlioweka visu chini kwa muda:

Sisi wafungua chaza wa Banda la Pili, hapa Anmal, tunafurahi kukupokea tena. Sakafu imeoshwa kwa maji ya moto na viti vimefutwa. Harufu tumeshindwa kuiondoa.

HISTORIA

Banda hili lilianza na wanawake tisa wa ghuba hii. Leo tuko ishirini na mmoja, na kumi na mmoja kati yetu wametoka Vietnam, maana binti zetu walikwenda Seoul na visu hawakuvitaka.

Mgeni rasmi, unajua kwamba katika lugha yetu ya Kikorea kila kitenzi kina mkia. Mkia mrefu ni wa mkubwa, mgeni na mteja. Mkia mfupi ni wa mtoto, rafiki wa utotoni na mbwa. Bwana Pyo, ambaye alizaliwa wakati mwenzetu Bi. Eom Gok-ji ameshafanya kazi miaka kumi katika meza hii, hutumia mkia mfupi kwetu sote ili kuokoa muda. Muda umeokolewa mwingi.

Miaka minne iliyopita alikuja Hoàng Thị Lụa kutoka Vietnam. Darasa la lugha lilikuwa Jumapili, na Jumapili tulikuwa mezani. Kwa hiyo alijifunza kwa masikio: njoo, toa, haraka, we umelala? Mwaka haukwisha akawa anasema kama sisi. Tulimsifu.

TUKIO LA OKTOBA

Ulipokuja kufungua msimu, Lụa ndiye aliyekuletea sahani ya chaza za moto. Alikuwa ameomba mwenyewe apewe kazi hiyo. Aliinama, akaishika sahani kwa mikono miwili, akasema, "We mzee, kaa. Kula, zisipoe."

Watu wako waligeuka kumtazama. Wewe ulikula chaza sita, na tunakushukuru. Hatusemi kwamba uliagiza lolote. Tunasema tu kwamba kesho yake Lụa alitolewa nje, kwenye rundo la magamba, ayatoboe na kuyatunga kwenye kamba za kukuzia chaza za msimu ujao. Huko upepo wa bahari hauna mlango wa kufungwa.

MAFANIKIO

Tulikaa tukachunguza maneno yale aliyapata wapi. Tulianza na Bwana Pyo. Tukaendelea, tukajikuta sisi wenyewe. "Kula" alifundishwa na Bi. Eom, aliyekuwa akimwambia hivyo kila adhuhuri.

Bi. Eom ana miaka sitini na minane, na hajawahi kumrefushia mkia mtu wa umri wa bintiye. Asubuhi iliyofuata Lụa alipokuja mlangoni kuchukua magamba, mzee huyu alimwambia kwa mkia mrefu, "Mmeamkaje, Bi. Lụa? Naomba mnipatie ndoo hiyo, tafadhali."

Lụa alimpa ndoo akaondoka. Siku tatu alikula peke yake. Siku ya nne alimfuata Bi. Eom, macho mekundu.

"Mama, nimekosa nini? Mbona unanisemesha kama karani wa benki?"

"Hujakosa. Nakufundisha."

"Ulikuwa unaniambia, 'We, kula, umekonda.' Sasa umenitupa. Nifundishe, lakini usiende mbali."

Bi. Eom alituambia baadaye kwamba hakuwa amejua kuwa heshima inaweza kumfukuza mtu. Tukakubaliana: kazini mkia mrefu kwa wote, wakati wa chakula mkia mfupi kwa wote. Sasa Lụa anajua mikia yote miwili, na lini atumie upi. Bwana Pyo aliposikia tukirefushiana mikia alitusimamia na saa mkononi kwa siku mbili. Chaza zilifunguliwa vilevile.

CHANGAMOTO

Kibali cha kazi cha Lụa kinaisha Februari. Fomu ya kukiongeza ina sehemu iitwayo "Tabia". Hapo pameandikwa, "Hana adabu." Tumefanya naye kazi miaka minne. Bi. Eom alipolazwa kwa mapafu, wanawe walipiga simu, Lụa alikwenda.

MAOMBI

Tunaomba maneno yale mawili yafutwe na Lụa arudishwe ndani. Tunaomba Bwana Pyo aongeze mkia wakati wa kazi. Tumepima, ni nusu sekunde.

Ombi la mwisho ni dogo. Lụa hajaisikia risala hii, maana amri ya kumtoa ndani haijafutwa na leo ni siku ya kazi. Yuko nyuma ya banda, amevaa kofia ya sufu ya buluu. Kabla ya kupanda gari, tunaomba upite umsalimie kwa jina lake. Akikujibu kwa mkia mfupi, ujue umetoka kwetu. Akikujibu kwa mrefu, nao umetoka kwetu.

Bahari ikutulizie njia, na nyumbani kwako wakuitikie vizuri.

Ni sisi,
Wafungua Chaza wa Banda la Pili, Anmal, watu ishirini na mmoja, pamoja na aliye nje.