Chiriku, Aliyekataa Wimbo wa Mama Uuze Kamari

Marehemu ndugu yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Chiriku, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kitinda mimba wa baba seremala na mama mshonaji. Mama alisema Mungu alimpa sauti kabla ya meno.

Alimaliza sekondari mwaka 1997. Mwalimu wa hesabu alimtoa nje kwa kuimba darasani. Akaendelea kuimba dirishani.

Mwaka 2003 yeye, mpiga gitaa na mpiga ngoma walianzisha bendi yao, bila kampuni wala tajiri wa kuwashika mkono. Walirekodi chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani. Walipatana kwamba wimbo hautolewi kwa mtu mpaka wote watatu wakubali. Nyimbo zao zikaingia kwenye tamthilia, kisha filamu. Ule alioutunga mama alipofariki uliombwa kwa ajili ya onyesho la harusi katika filamu moja. Filamu ilipotoka, ulisindikiza mauaji. Tangu hapo kila aliyekuja aliambiwa, "Nionyeshe picha kwanza."

Alifunga ndoa kanisani tarehe 9 Agosti 2008, wakajaliwa mabinti wawili.

Oktoba 2024 figo zilianza kumsumbua. Wakati huohuo kampuni ya kamari ikautaka wimbo wa mama kwa tangazo. Wenzake walikubali, yeye akakataa. Mpiga ngoma alimfuata hadi kitandani.

"Chiriku, utakufa na msimamo wako, kaka."

"Basi nizikeni nao."

Mkewe alikuwa mlangoni ameshika dawa. Alitaka mumewe akubali, wala hakuficha.

"Mama watoto, unataka nipone kwa pesa za watoto wa watu?"

"Nataka upone, baba."

Aligeukia ukuta. Tangu hapo walizungumza kwa kuwatuma mabinti: mwambie baba dawa tayari, mwambie mama nimekunywa.

Alilala katika Bwana alfajiri ya Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, mkono wake mkononi mwa mkewe. Ubishi wao hawakuumaliza.

Ameacha mjane, mabinti wawili, sisi dada zake wawili, na wenzake wawili wa bendi, ambao pia ni ndugu. Kauli yake ya kukubali au kukataa wimbo ule utolewe imebaki kwa mjane. Kampuni imeshapiga simu, maiti ikiwa bado mochwari, na dau limepanda. Ninyi wenzake mmekuwa mkimtazama wifi yetu tangu asubuhi. Ametuomba tuwasomee jibu lake hapa, mbele ya jeneza:

"Nilibishana naye kwa sababu nilimtaka hai. Sasa sina la kubishania. Hapana."

Bwana ampumzishe, na sisi tuliobaki atupe amani.