Miaka Thelathini na Minne ya Lindsay Tipa kwenye Kona ya Mierebi

Ijumaa ya tarehe 31 Januari, Bwana Lindsay Tipa atarudisha funguo za gari na buti za kuvukia mto, baada ya kuwalinda ndege waitwao kakī hapa Twizel kwa miaka thelathini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, mkuu wake wa kazi, niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Alipoajiriwa, ndege hawa weusi wenye miguu mirefu myekundu walikuwa wamebaki wa kuhesabika. Ukiacha paka na vicheche, adui yao mkubwa ni upweke. Mweusi akikosa mwenzi wa kabila lake, hujichukulia yule binamu mwenye kifua cheupe aliyejaa kila dimbwi, na watoto wao huwa machotara. Vizazi vichache vya namna hiyo vikipita, weusi wanakwisha bila mtu kuwagusa.

Wengi tunamkumbuka kwa vituko. Aliwahi kusombwa na mto mita mia nzima huku mkono mmoja ukiwa juu, umeshika pai ya nyama ya kondoo. Redio ya ofisi ilikwenda na maji. Meneja wa wakati ule alipofoka, mzee alimjibu taratibu, "Redio ni yako, bosi. Pai kapika Ngaire." Ngaire ni mkewe, na kila aliyeionja pai ile anamwelewa.

Kila mfanyakazi mpya hapa hufunguliwa droo yenye ndege kumi waliokaushwa, awapange kutoka mweupe kabisa hadi mweusi kabisa. Mimi nilipokuwa mgeni, mwenye kifua cheupe na madoa nilimweka wa tano, katikati ya machotara. Mzee Tipa akapuliza chai yake. "Umemuua mweusi halisi, mwanangu," akasema. "Usijali, hata mimi nilimuua. Ila wangu alikuwa hai."

Kinda wa kakī hukaa na kifua cheupe kwa zaidi ya mwaka kabla hajawa mweusi tii. Siku zile machotara walipigwa risasi. Ndiyo iliyokuwa kazi. Katika mwaka wake wa pili, kwenye kona ya mto penye mierebi, Lindsay alimwona jike mwenye kifua cheupe ameandamana na dume jeusi. Alipiga risasi moja. Ofisini walipomkagua ndege manyoya ya mabawa, wakakuta ni mweusi asiye na doa la uchotara, hajatimiza hata mwaka. Lindsay aliomba jina lake liandikwe lote kwenye ripoti. Kibandiko cha yule ndege kwenye droo ni mwandiko wake. Dume lilibaki pale peke yake misimu mitatu, kisha likaoa kifua cheupe.

Tangu hapo mzee hakuwa na ombi jingine. Kila Agosti, tunapowaachia huru ndege vijana tuliowalea vizimbani, alitaka sanduku moja lifunguliwe kwenye kona ile. Tulimtania kwamba anajenga mtaa. Alichotaka ni kuona jozi moja ya weusi ikiatamia pale kabla hajaacha kazi, na hakuficha kwamba ni kulipa alichokiondoa. Kila mwaka vijana waliruka, wakaenda kutaga kwingine.

Oktoba iliyopita mwenzetu Heeni Waaka alileta habari kwamba jike jeusi limetaga mayai manne konani. Dume lake, hata hivyo, lilikuwa na weupe tumboni. Heeni alisema ni chotara. Mzee akasema huenda ni kijana tu, tusikimbilie. Sijapata kumwona akimbembeleza mtu, lakini alinibembeleza mimi nisubiri vipimo vya damu. Nilisubiri. Majibu yakaja: chotara.

Siku hizi hatupigi risasi. Tunatoa mayai na kuweka ya mbao, wazazi wakae juu yake mpaka wachoke, wasitage mengine. Nilitia saini agizo. Heeni alijitolea. "Mzee, acha niende mimi, wewe kunywa chai."

"Chai ipo kila siku, binti," alimjibu. "Hii ni yangu."

Mayai ya kakī huanguliwa kwa siku ishirini na tano hivi. Wale wawili waliatamia mbao siku arobaini na moja, wakipokezana, upepo na mvua ya mawe vikiwapiga. Mzee alikwenda kuwatazama kila siku, hata Jumapili. Siku ya arobaini na moja aliyaondoa yale mayai ya mbao mwenyewe, ili waondoke. Aliporudi nilimuuliza kama yuko sawa. Alikuwa akivua buti.

"Mara ile nilikosea," alisema. "Safari hii sikukosea. Mbona naona ni vilevile?"

Nilijifanya natafuta faili. Agizo lilikuwa sahihi, na likija tena nitalitia saini. Lakini mzee wangu, kwa kuwa siku ile nilishindwa kukujibu, naisema leo mbele ya wenzetu wote: naumia kwamba unaondoka hujaipata jozi yako, na naumia zaidi kwamba mkono uliokunyima ni wangu, mimi uliyenifundisha kazi. Asante kwa yote. Wewe na Ngaire muishi kwa raha na afya, na ukitaka kurudi mtoni, huhitaji ruhusa yangu.