Mama Majani, Aliyekataza Ua Lake Kukatwa

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Majani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alipenda kusimulia kwamba alizaliwa treni ikipita, ndiyo maana hakujua kunong'ona.

Alianza shule mwaka 1958 na kuishia darasa la sita, mama yake alipougua na nyumba ikahitaji mikono. Hesabu hazikumpenda, naye hakuzibembeleza. Lakini mwandiko wake ulikuwa safi, na hadi uzeeni vibao vya miche yake vilisomeka toka mlangoni.

Mwaka 1971 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, akapiga pasi mashuka ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mitano. Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na baba yetu, fundi baiskeli, aliyetutangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto watatu.

Mwezi Aprili 2020, mtunza bustani wa hospitali, rafiki yake wa siku nyingi, alimletea mbegu kumi na mbili za rubabi ya mapambo, mmea wenye majani mapana kama mwavuli na mabua mekundu. Mbegu zilikuwa nyepesi, zina mbawa kama wadudu waliokauka. Mama aliziloweka toka asubuhi hadi jioni, akazipanda katika makopo ya rangi kwenye dirisha la jikoni. Zikaota tisa. Kwa kawaida miche inayotoka ya kijani hutupwa, ikabakizwa myekundu. Yeye roho ilimuuma kutupa. Aliigawa kwa majirani, akabaki na mmoja uliokolea wekundu kuliko yote, akauhamishia uani, penye kivuli na udongo wenye unyevu.

"Mama Majani," muuza mayai akamtania, "na mijani yote hii, mboga hamna?"

"Hii ni mboga ya macho. Ukiipika, itakupika wewe."

Baridi ilipoingia majani yalinyauka yote, pakabaki udongo mtupu. Binti yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye na ndiye anayewasomea wasifu huu, mtu wa wasiwasi tangu utotoni, alichukua jembe akaung'oa mmea ili apande vitunguu. Mama alimkuta ameshika shina, anaelekea jalalani.

"Umekufa huu, mama."

"Nani kakwambia? Umelala. Mbona wewe ukilala unakoroma na hatukuziki?"

Shina likarudi ardhini siku hiyohiyo. Vitunguu vikatafutiwa kwingine.

Oktoba 2023 mama aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alimwambia apumzike, na kwake kupumzika kulikuwa ni kukaa kwenye kiti kando ya mmea wake. Ombi lake lilikuwa moja tu, auone ukichanua, kwani miaka yote hiyo haukuwa umetoa ua. Kila alipolala mchana, binti alisimama mlangoni kuangalia kama shuka linapanda na kushuka.

"Nimelala tu," mama alisema bila kufumbua macho. "Nenda kamwagilie."

Mwezi Mei mwaka huu bua lilichomoza, likapita kimo cha mlango, na tarehe 19 likafunguka maua ya rangi ya waridi iliyokolea. Tulimtoa nje na kiti chake. Alilitazama toka chini hadi juu, kisha toka juu hadi chini. Kitinda mimba wake akaleta kisu, akitaka kumwekea ua kitandani.

"Thubutu! Ukilikata, mbegu utazitoa wapi? Na nikifa, msinikatie."

Alifariki nyumbani Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Binti alisimama mlangoni kama kawaida yake. Siku hiyo alisimama sana.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu saba, na mmea mmoja.

Mnaojiuliza kwa nini ua lile halipo juu ya jeneza, lipo uani, limefungwa kwenye fito, linakomaza mbegu. Mwezi wa nane zitakuwa tayari. Anayezitaka aje na bahasha yake. Na majani yakinyauka wakati wa baridi, binti anaahidi mbele yenu nyote kwamba hatagusa jembe.

Pumzika kwa amani, mama. Tumeshamwagilia.